Tangi lilinyonywa kwanza, likakaguliwa baadaye: uchambuzi wa kisa cha nyumba ya mlimani

Nyumba, mteremko na mfumo wenyewe

Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala na imejengwa kwenye ubavu wa mlima unaoshuka mita 2.2 kwa kila mita 10. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyo, kwa sababu bila hivyo kisa hiki hakifundishi kitu.

Majitaka yote, ya choo, bafu na jikoni, hutoka kwa bomba la plastiki la mm 110 na kuteremka mita 14 hadi kwenye tangi la septiki. Tangi ni la zege. Ndani lina urefu wa m 2.4, upana wa m 1.2 na kina cha maji cha m 1.2, yaani lita 3,450 hivi. Ukuta wa kati unaligawa, theluthi mbili zikiwa chumba cha kwanza na theluthi moja chumba cha pili. Tope huzama, mafuta na vitu vyepesi huelea na kufanya ukoko, na maji ya katikati ndiyo yanayotakiwa kutoka.

Maji hayo huenda kwenye chemba ya mgawanyo, sanduku la zege la sm 40 kwa 40 lenye tundu moja la kuingilia na manne ya kutokea. Kila tundu hulisha mtaro wake wa kunyonya. Mitaro yote minne ina urefu wa m 15 na upana wa sm 60, imekingama mteremko, na imepangwa mmoja chini ya mwingine. Kitako cha mtaro kiko sm 75 chini ya uso wa ardhi, na kuna sm 30 za kokoto chini ya bomba lenye matundu.

Jumla ya vitako vya mitaro ni mita za mraba 36. Udongo wa tifutifu ambao umekwisha kuzoea majitaka hupokea takriban lita 20 hadi 25 kwa mita ya mraba kwa siku. Tukichukua kiwango cha juu, mitaro minne inameza lita 900 kwa siku na mmoja unameza lita 225. Hizo namba mbili zikumbukwe, kwa maana kila kitu kinachofuata kinazirudia.

Mita 11 chini ya mtaro wa mwisho kuna njia ya gari iliyochongwa ubavuni, na ukingo wake una kimo cha m 1.6. Mita 40 chini ya njia kuna chemchemi iliyojengewa, na nyumba mbili za jirani huteka hapo maji ya kunywa.

Ukaguzi wa kwanza: cheti safi

Nyumba ilikuwa inauzwa. Wauzaji walikuwa wawili tu wakiishi humo. Siku tatu kabla mkaguzi hajafika, waliita gari la kunyonya majitaka likalikausha tangi. Hawakuwa na nia mbaya. Kwa fikra zao, mgeni akija unafagia nyumba.

Mkaguzi alifungua mifuniko, akaona kuta safi, hakuna ufa, hakuna tope. Akamwaga rangi ya kijani ya kupimia chooni, akafungua mabomba kwa dakika 30 kwa kasi ya lita 10 kwa dakika, kisha akazunguka mitaroni kutafuta unyevu au rangi. Hakuona chochote. Ripoti ikasema mfumo unafanya kazi, na mstari mmoja ukaeleza kwamba “kina cha maji kiko chini ya bomba la kutokea kwa sababu tangi limenyonywa karibuni”.

Mstari huo peke yake ulitosha kubatilisha ripoti nzima. Hebu tupige hesabu. Watu wawili wakitumia lita 120 kila mmoja ni lita 240 kwa siku. Hata tukichukulia kwamba choo kilikuwa tayari kinavuja kama kilivyokutwa baadaye, lita 432 kwa siku, jumla ni 672. Kwa siku tatu ni lita 2,016. Ongeza lita 300 za jaribio la rangi, unapata 2,316. Tangi linahitaji lita 3,450 kabla tone la kwanza halijavuka bomba la kutokea. Zilibaki zaidi ya lita 1,100. Rangi haikufika mitaroni kwa sababu haikuwa hata imetoka kwenye tangi. Kilichojaribiwa siku ile kilikuwa bomba la kutoka chooni hadi tangini, basi.

Maji yanatokea njiani

Wanunuzi walihamia, nao wakaanza kupokea wageni mwisho wa wiki. Siku za kawaida walikuwa watu wawili, Jumamosi na Jumapili walifika tisa. Miezi mitano ilipita. Mvua zilipoanza, ukingo wa njia ukaanza kutoa maji kwa upana wa mita tatu hivi. Kwanza yalidhaniwa ni ya mvua. Kisha mvua ikakata kwa siku sita na ukingo ukaendelea kulia. Majani ya hapo yakawa ya kijani kibichi kuliko ya pembeni, mawe yakashika utelezi wa kijivu, na asubuhi harufu ikawa haina ubishi.

Ndani ya nyumba hapakuwa na dalili yoyote. Choo kilivuta vizuri na bafu halikutuamisha maji. Wenye nyumba walishikilia kwa muda mrefu kwamba tatizo si lao, wakitaja cheti na choo kizima kama ushahidi.

Mteremko ndio unaodanganya hapa. Kwenye uwanja wa tambarare, mtaro ukishiba maji hurudi nyuma, yanajaza chemba, yanajaza tangi, na hatimaye choo kinakataa kushuka. Kwenye mteremko chemba iko juu sana kuliko mtaro wa mwisho. Maji hayana sababu ya kupanda kurudi wakati kuna njia rahisi ya kushuka. Mwenye mfumo anaweza kuishi miaka kadhaa na mtaro uliokufa bila kujua, huku anayenusa akiwa mtu wa chini.

Ukaguzi wa pili

Safari hii sharti la kwanza lilikuwa tangi lisiguswe. Mwenye nyumba alikuwa ameshaongea na dereva wa gari, ikabidi aahirishe.

*Ndani ya nyumba.* Mita ya maji ilisomwa saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, watu wote wakiwa wamelala na hakuna aliyevuta choo. Ilikuwa imesogea lita 126 kwa saa 7, sawa na lita 18 kwa saa, au lita 432 kwa siku. Matone ya rangi ya chakula yaliwekwa kwenye tangi la kuflashia la kila choo. Baada ya dakika 20, bakuli la choo cha wageni lilikuwa na rangi bila mtu kukigusa. Raba ya kuzibia chini ya tangi ilikuwa imekakamaa na kupinda ukingoni. Mvujo wa namna hiyo hausikiki, na juu ya maji ya bakuli unaonekana kama msisimko mdogo tu.

*Tangi.* Wakaguzi walikuwa wawili, kama inavyotakiwa kila mfuniko unapofunguliwa. Mifuniko iliachwa wazi dakika 15 kabla ya kazi, hakuna moto wala sigara, na hakuna aliyeinamisha kichwa ndani ya tundu. Gesi ya tangi yenye harufu ya mayai yaliyooza ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kukosa harufu si dalili ya usalama. Mtu akidondosha tochi humo, tochi imekwenda. Wengi waliokufa ndani ya matangi haya walishuka kumwokoa aliyetangulia.

Kipimo cha kwanza kabisa kilikuwa uso wa maji ukilinganishwa na kitako cha bomba la kutokea. Ulikuwa sawasawa na kitako, bila kupungua wala kuzidi. Kipimo hiki cha dakika moja kinaondoa nusu ya maswali. Maji yakiwa chini ya kitako na nyumba inatumika, tangi linavuja. Yakiwa juu ya kitako, kuna kizuizi mbele. Yakiwa sawa, tangi halivuji na njia hadi kwenye chemba iko wazi, kwa hiyo kosa litafutwe mbele zaidi. Tangi lililonyonywa halina jibu la kutoa.

Tope lilipimwa kwa fito ya mita mbili iliyozungushiwa taulo jeupe sehemu ya chini. Inashushwa taratibu hadi sakafuni, inaachwa dakika tatu, inazungushwa kidogo na kupandishwa wima. Alama nyeusi kwenye taulo ndiyo kimo cha tope. Ukoko hupimwa kwa fito nyingine yenye ubao mdogo uliopigwa misumari mwishoni kwa pembe mraba: unausukuma kupita ukoko, unauvuta juu polepole, na pale mkono unapohisi unakwama ndipo mwisho wa chini wa ukoko ulipo.

Chumba cha kwanza kilikuwa na tope la sm 5 na ukoko wa sm 2. Kwa miezi mitano na wastani wa watu wanne si kitu cha kushangaza. La ajabu lilikuwa chumba cha pili, sm 3 za tope mahali ambapo baada ya muda mfupi hivyo kwa kawaida hakuna cha kupimika. Sababu ilionekana kwa tochi na kioo kidogo kilichofungwa kwenye fito. Tii ya kuingilia, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T, haikuwepo. Bomba lilikuwa limekatika mdomo, na tii yenyewe ilipatikana imelala sakafuni, ndani ya tope.

Kwenye mteremko kosa hilo lina uzito kuliko tambarare. Bomba la kutoka nyumbani lilikuwa limelazwa likishuka mita 1 kwa kila mita 12, wakati mita 1 kwa 50 ingetosha. Maji yanafika kwa kasi. Tii kamili huyagonga na kuyaelekeza chini, sm 15 hadi 30 ndani ya maji yaliyotulia. Bila tii yanaingia kama mpira wa bustani, yanakoroga tope na kulirusha upande wa pili. Tii ya kutokea ilikuwa nzima, imezama sm 48, ambayo ni asilimia 40 ya kina, na ndivyo inavyotakiwa.

Wakati wote huo, mabomba yote yakiwa yamefungwa, uzi mwembamba wa maji ulikuwa unaingia tangini. Koki kuu ya nyumba ilifungwa. Baada ya dakika nne uzi ulikatika. Hivyo haukuwa maji ya ardhini yanayopenya, ulikuwa ni kile choo. Ungeendelea, ingebidi kutafuta kiungo kilichoachia kati ya nyumba na tangi.

*Chemba ya mgawanyo.* Hakuna aliyejua ilipo. Ilitafutwa kwa nondo ya mm 12 iliyochongwa ncha, ikichomekwa kila sm 30 kwa kufuata mwelekeo wa bomba la kutokea, hadi iligonga zege mita 6 chini ya tangi, kina cha sm 40.

Mfuniko ulipoinuliwa kisa kilijieleza chenyewe. Tundu la mtaro wa 4, lililo upande wa bondeni, lilikuwa limelowa na limevaa utando mweusi. Matundu matatu mengine yalikuwa makavu, na mawili yalikuwa na nyuzi za buibui kutoka ukingo hadi ukingo, zenye vumbi. Pimamaji iliwekwa juu ya kuta: sanduku lilikuwa limeinama sm 2 kuelekea bondeni. Aliyelijenga aliliweka juu ya udongo wa kujazia bila kushindilia, na udongo wa mteremko hukaa kwa kutambaa.

Sm 2 ni kidogo kwa macho, lakini maji yanayopita kwenye chemba hii kwa kawaida yana kina cha milimita chache tu. Tundu la chini kwa sm 2 huchukua yote. Kwa hesabu ya siku za kawaida, lita 240 za watu wawili na 432 za mvujo ziliishia kwenye mtaro wenye uwezo wa 225. Huo ni mzigo mara tatu. Mwisho wa wiki, watu tisa wakiwemo, ulikuwa lita 1,512.

*Mitaro na ardhi.* Kekee ya udongo ilichimba shimo dogo katikati ya kila mtaro hadi kwenye kokoto. Mitaro ya 1, 2 na 3 ilikuwa mikavu, kokoto safi kama siku ilipomwagwa. Mtaro wa 4 ulikuwa na sm 28 za maji kati ya sm 30. Shimo jingine, kati ya mtaro huo na njia, lilionyesha tifutifu hadi m 1.4, kisha mwamba uliooza. Udongo ulikuwa na unyevu wa kawaida juu na uliloa chapachapa sm 10 za mwisho juu ya mwamba. Maji yalikuwa yanashuka hadi mwamba, yanateleza juu yake, na kutokea pale njia ilipokata tabaka hilo. Ndiyo maana ardhi iliyo juu ya mtaro ilikuwa kavu kabisa, na aliyetafuta unyevu mitaroni asingeupata kamwe.

*Paa.* Jambo ambalo halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Gata za paa lote, mita za mraba 120, zilikusanya maji kwenye bomba moja lililomwaga mita mbili juu ya mtaro wa 1. Mvua ya mm 30 juu ya paa hilo ni lita 3,600, uwezo wa mitaro yote minne kwa siku nne, ikimwagwa kwa saa chache.

*Rangi, tena.* Safari hii ilimwagwa moja kwa moja kwenye chemba, si chooni, ili isipotee kwenye lita 3,450 za tangi. Wakaguzi walisubiri njiani kwa saa 6, hawakuona kitu, wakaondoka. Mwenye nyumba aliikuta ukingoni asubuhi ya pili, saa 26 baada ya kumwagwa.

Maamuzi na sababu zake

Siku hiyo hiyo wageni walisimamishwa, na nyumba mbili za chini zikaambiwa zichemshe maji. Chupa mbili za sampuli zilichukuliwa, moja ukingoni na moja kwenye chemchemi. Kuwaambia majirani kabla ya majibu ya maabara kulimkera mwenye nyumba, lakini hakuna njia nyingine ya haki: majibu huchukua siku, na mtoto hunywa leo.

Ombi la kunyonya tangi lilikataliwa. Tope lilikuwa sm 5. Kunyonya huhitajika pale tope na ukoko vinapofika theluthi ya tangi, au kilele cha tope kinapobakiza sm 30 kufikia mdomo wa bomba la kutokea, au ukoko sm 15. Zaidi ya hapo, kulikausha tangi wakati ardhi imeshiba kunaacha kuta zikisukumwa na udongo bila maji ya ndani ya kuzishikilia. Tangi la plastiki katika hali hiyo huweza kuelea na kung'oka na mabomba yake.

Pendekezo la kuchimba uwanja mpya wa mitaro nalo lilikataliwa, ingawa fundi aliyelitoa alikuwa na hoja ya kweli kuhusu mtaro wa 4. Robo tatu ya uwanja uliopo haijawahi kutumika. Kuuacha na kukata mteremko upya, karibu zaidi na njia, ni kununua tatizo jingine.

Kazi zilizoidhinishwa zilikwenda kwa mpangilio huu: raba ya choo ilibadilishwa kwanza, kwa sababu ndiyo nafuu kuliko zote na iliondoa lita 432 kwa siku jioni hiyo hiyo. Tii mpya ya mm 110 ilifungwa kwenye bomba la kuingilia kutoka juu, kwa kuunganisha kipande kipya nje ya ukuta wa tangi, bila mtu kuingia. Bomba la paa lilirefushwa hadi kwenye mkondo wa asili, mita 18 pembeni ya mitaro. Juu ya mtaro wa 1, kwa umbali wa mita 5, ulichimbwa mtaro wa kukinga wenye kina cha sm 60, umejazwa kokoto na bomba lenye matundu, kunasa maji ya mlima yasifike kwenye mfumo.

Chemba iling'olewa. Chini yake kilichimbwa kitanda cha sm 20 cha kokoto ndogo, kikashindiliwa tabaka mbili, na chemba mpya ikawekwa na kupimwa pande zote mbili. Kila tundu la kutokea lilipewa kifuniko chenye tundu lisilo katikati: ukikizungusha, kiwango cha maji ya kutokea kinapanda au kushuka kwa sm 2 hadi 3. Maji yalimwagwa chembani na vifuniko vikarekebishwa hadi yakavuka yote kwa wakati mmoja. Kisha kifuniko cha mtaro wa 4 kikazibwa kabisa.

Kuzima mtaro wa 4 kulihitaji hesabu. Mitatu iliyobaki inameza lita 675 kwa siku. Wastani wa wiki bila mvujo, siku tano za lita 240 na mbili za 1,080, ni lita 480. Mwisho wa wiki ungezidi uwezo kwa lita 405 kila siku, 810 kwa siku mbili, na nafasi kati ya kokoto za mitaro mitatu inaweza kushikilia zaidi ya lita 2,500. Inatosha, ilimradi shuka za wageni zisifuliwe zote Jumapili jioni. Hilo liliandikwa ukutani, juu ya mashine ya kufulia.

Matokeo

Maji ya ukingoni yalikuwa na bakteria wa E. coli, dalili ya kinyesi. Ya chemchemi hayakuwa nao kwenye mililita 100, ambacho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Sampuli ya pili ya chemchemi baada ya wiki mbili ilikuwa hivyo hivyo, na majirani wakaacha kuchemsha kwa ajili ya jambo hili.

Mita ya usiku ilisoma sifuri. Ukingo ulikauka baada ya wiki tano, mvua zikiendelea. Mtaro wa 4 ulishuka kutoka sm 28 hadi sm 9 kwa wiki sita na ukawa mkavu mwezi wa nne baada ya kazi. Mitaro ya 1 hadi 3 ilionyesha sm 2 hadi 5 kila Jumatatu na kukauka kufikia Jumatano au Alhamisi.

Ukaguzi wa mwezi wa nane baada ya kazi ulikuta chemba mpya imeinama mm 4, upande ule ule wa bondeni. Vifuniko vilizungushwa kufidia.

Kilichofanya kazi

Mpangilio wa ukaguzi wa pili ndio uliookoa muda na pesa: mita ya maji, kisha uso wa maji tangini, kisha chemba, kisha mitaro. Kila kipimo kilifuta sababu kadhaa kabla sululu haijagusa ardhi. Kufunga koki kuu na kusubiri dakika nne ni jaribio la bure, na lilitenganisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana kabisa.

Kuchimba mashimo madogo kwenye mitaro yote minne, badala ya ule wa karibu na unyevu tu, kulibadilisha jina la tatizo. Kwa shimo moja mfumo ungeitwa umekufa. Kwa mashimo manne ilijulikana kwamba robo yake ndiyo inayofanya kazi ya wote.

Kilichoshindikana

Ukaguzi wa kwanza tumekwisha kuuona. Inafaa kuongeza kwamba mkaguzi hakuwa mzembe kwa maana ya kawaida. Alifuata orodha yake, na orodha haikuwa na swali la “tangi limenyonywa lini”. Jibu likiwa ni wiki hii, kazi sahihi ni kuahirisha hadi maji yafike tena kwenye kitako cha bomba la kutokea, au kulijaza kwa maji safi na kuanza upya. Pia hakuifungua chemba. Ripoti isiyotaja chemba, mahali pa mteremko, ni ripoti ya tangi tu, na iitwe hivyo.

Wakaguzi wa pili nao walikosea kwenye rangi. Saa 6 ni muda uliotokana na mazoea ya viwanja vyenye mchanga. Kupitia tifutifu, mita 11 na tabaka la mwamba, walipaswa kuweka mtu au kuacha chupa ya kukinga ukingoni kwa siku mbili au tatu. Kama mwenye nyumba asingepita njiani asubuhi ile, daftari lingesema hakuna uhusiano.

Uamuzi wa kurudisha chemba ya mgawanyo ndio wenye ubishi zaidi, na zile mm 4 zinaelekea kuwapa haki waliokuwa wakiupinga. Mgawanyo sawa unategemea sanduku lililo sawa, na kwenye mteremko wa asilimia 22 hakuna sanduku linalobaki sawa. Njia inayostahimili ni masanduku ya ngazi, moja kwa kila mtaro: maji hujaza mtaro wa juu, yakizidi yanavuka kwenda sanduku la mtaro unaofuata. Kuinama kidogo hakuharibu kitu, kwa kuwa hakuna kinachogawanywa sawasawa. Njia hiyo haikuchaguliwa kwa sababu ilihitaji kuchimba ncha ya kila mtaro ardhi ikiwa imelowa, na kuchimba tifutifu iliyolowa hupaka kuta za mtaro kama sahani ya mfinyanzi, zisipitishe tena maji. Sababu hiyo ilikuwa halali kwa msimu wa mvua. Haikuwa sababu ya kutokupanga kazi hiyo kwa kiangazi, na kwenye mpango wa awali haikupangwa.

Baada ya kipimo cha mwezi wa nane imepangwa. Masanduku manne yatawekwa ardhi ikikauka, na mtaro wa 4 utafunguliwa ukiwa wa mwisho kwenye mstari. Hadi hapo chemba inafunguliwa na kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Mchoro wenye umbali wa kila mfuniko kutoka pembe mbili za nyumba umebandikwa ndani ya kisanduku cha mita ya maji, pamoja na tarehe ya mwisho ya kunyonya.